Absalom, Golikipa wa Besiboli

Ukitaka kumuudhi Absalom Otieno enzi zile, ungemuuliza tu anafanya kazi gani. Si kwamba hakuwa na jibu. Jibu alikuwa nalo, na alilitoa kwa Kiswahili, kwa Kijaluo na kwa Kiingereza cha Texas, ila halikumsaidia kitu. Kila Jumapili baada ya ibada katika kanisa la Wakenya pale Richardson, watu wakiwa wamesimama na chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi, hakukosekana mgeni wa kumshika mkono.

"Na wewe ndugu yangu, uko kazi gani?"

"Nacheza besiboli."

"Aa, vizuri, vizuri sana. Mazoezi ni afya. Lakini kazi sasa?"

Basi hapo Absalom angetazama viatu vyake. Wenzake wote mle ndani walikuwa watu wa maana: manesi, wahasibu, vijana wa kompyuta, wanafunzi wa udaktari. Yeye alikuwa mtu mzima mwenye ndevu ambaye alilipwa kuchuchumaa nyuma ya mtu mwenye gongo na kudaka mpira mgumu kama jiwe. Mama yake, Immaculate, nesi wa miaka mingi huko Garland, alipoulizwa habari za mwanawe alisema haraka haraka, "Yuko kwa mambo ya michezo," halafu akageuza maneno.

Na huko kuchuchumaa, jamani, ndiko kulikompa kazi yenyewe. Aliletwa Garland akiwa mtoto wa miaka minane, kutoka Ahero, baba yake alipokuwa anasoma chuo Richardson. Siku moja shuleni mwalimu wa besiboli aliwapanga wavulana mstari na kuwaambia wachuchumae kama mdakaji anavyochuchumaa. Watoto wa Kimarekani wakajaribu. Visigino vikainuka, wakayumba, mmoja mmoja wakaanguka chali. Absalom alikaa chini nyayo zote bapa, magoti karibu na masikio, ametulia, anaongea na jirani yake, na angeweza kukaa hivyo mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mwalimu yule hakujua habari za choo cha shimo cha Ahero. Yeye aliona kipaji kutoka mbinguni, akamvika kinga ya kifua, kinga za miguu na kofia ya waya usoni, na tangu siku hiyo Absalom hakucheza nafasi nyingine tena.

Kwa asiyejua, besiboli ni hivi. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja na kurusha mpira kwa nguvu zake zote kumpita mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akiukosa, lazima mtu awe nyuma yake wa kuudaka. Mtu huyo ndiye mdakaji. Ndiye anayemwonyesha mrushaji kwa vidole arushe mpira wa namna gani, ndiye anayelinda kituo cha nyumbani ambapo wakimbiaji wa timu pinzani wanataka kufika ili wapate pointi, na mpira ukidunda chini ndiye anayejitupa mbele yake kwa kifua, kwa koo, kwa chochote alicho nacho. Akidaka mipira mia hakuna anayemwona. Ukimponyoka mmoja, uwanja mzima unaguna. Ni kazi ya kulaumiwa, na Absalom aliipenda kwa moyo wake wote, maskini.

Alisajiliwa mwaka 1990, mara tu alipomaliza sekondari. Baba yake alikuwa ameshafariki, na mama yake alitaka aende chuo. Walibishana wiki nzima jikoni. Mwishowe Immaculate alimwambia, "Sawa. Nenda ukacheze. Ukichoka, chuo kipo." Alikuwa na hakika kijana atachoka kabla ya Krismasi.

Hakuchoka. Alianzia ligi ya chini kabisa, ile ya vijana wanaolala wanne chumba kimoja, akapanda moja, akapanda ya pili, kisha akashushwa. Alichezea miji ambayo hata Wamarekani wenyewe huitafuta kwenye ramani. Timu moja ilimwacha kwa sababu hakuwa mpigaji mzuri, na hapo walisema kweli, maana Absalom na gongo hawakuwahi kupatana. Timu nyingine ikamchukua kwa sababu wadakaji wao wawili walikuwa wameumia. Mara moja timu mbili zilibadilishana wachezaji, yeye kwa mrushaji mwenye bega bovu, na bado ile iliyompata yeye ikalalamika kwamba imepunjwa.

Immaculate alikwenda kumtazama mara moja tu, mwaka wake wa pili wa kucheza. Hata hajapata kukaa vizuri, mpira ukadunda na kumpiga mwanawe kooni. Alisimama, akachukua mkoba wake, akarudi Garland akiendesha gari huku analia, na akaapa hatakanyaga tena mahali pale. Kuanzia hapo alichojua kuhusu besiboli ni vidole vya mwanawe. Kila Oktoba msimu ulipokwisha na Absalom akarudi kubeba maboksi kwenye ghala moja la Garland, mama alimkalisha mezani, akavishika kimoja kimoja, vilivyovunjika na kuungana vibaya, vimepinda kama tangawizi. "Uko na mikono ya mtu wa miaka themanini," alisema. "Na kwa ajili ya nini?"

Kwa ajili ya nini! Absalom alijua vizuri sana ni kwa ajili ya nini, ila aliona haya kulitamka. Alitaka mechi moja. Hakutaka umaarufu, hakutaka picha yake ukutani mwa mtu. Alitaka kuvaa kofia ile ya waya katika mechi moja ya ligi kuu, jina lake litangazwe uwanjani, achuchumae, adake. Warushaji wengi aliowadakia walikuwa wamefika. Vijana wa miaka ishirini walikuja kwake hawajui mpira unaenda wapi, akawatuliza, akawafundisha lini warushe wa kasi na lini wa kupinda, na wakishaiva waliitwa juu. Alikuwa anawaona kwenye televisheni. Wachache walipiga simu mara moja, kisha kimya. Hakuwalaumu. Lakini ilimuuma, na mtu anayesema haikumuuma anadanganya.

Mtu wa kwanza kuambiwa habari ya hiyo mechi moja alikuwa Wacuka. Huyu alikuwa nesi kijana kutoka Murang'a, mcheshi, asiyeogopa mtu, na walikutana pale pale kanisani Richardson juu ya ile chai. Alimuuliza swali lile lile la kazi, na Absalom akajiandaa kutazama viatu. Lakini Wacuka hakusema "lakini kazi sasa." Alisema, "Besiboli? Si hapo mtu anagongwa tu na mipira? Na wewe unaipendea nini?" Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Absalom akaongea mpaka chai ikapoa, mpaka wahudumu wa kanisa wakaanza kupanga viti. Walioana mwezi wa kumi na moja, maana harusi ya mchezaji wa besiboli haiwezi kuwa kiangazi.

Miaka ikapita, magoti yakaanza kudai haki yao. Mwaka 2002 alikuwa anachezea timu ndogo ya Fort Worth isiyokuwa chini ya timu yoyote ya ligi kuu, ambapo wachezaji walifua jezi zao wenyewe na shabiki wao mkubwa alikuwa muuza soda. Asubuhi alishuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu. Daktari akampiga picha ya magoti, akatikisa kichwa, akamwambia ana msimu mmoja, na baada ya hapo achague kati ya kuchuchumaa na kutembea.

"Basi huu mmoja ucheze," Wacuka alisema walipofika kwenye gari. "Ucheze mpaka uishe. Sitaki uzeeke ukiwa unaniambia ungeendelea kidogo ungefika."

Na hapo ndipo bahati, ambayo ilikuwa imemruka miaka yote hiyo, ikamkumbuka. Timu ya ligi kuu ya Houston ilikuwa na mrushaji kijana katika timu yao ya chini, anaitwa Rigoberto, mzaliwa wa Gulfton hapo hapo Houston. Mkono wake ulikuwa wa kutisha. Shida ni kwamba hakuna aliyejua mpira wake utatua wapi, yeye mwenyewe hakujua, na wadakaji vijana walikuwa wanamkimbia. Wakatafuta mzee wa kumlea. Mtu mmoja akakumbuka jina la Absalom. Msimu uliofuata akawa baba mlezi wa Rigoberto, akila mipira yake kwa mbavu na mabega kuanzia masika, akimwambia kila siku, "Wewe rusha. Mahali utakapoanguka ni shauri langu." Kufika mwisho wa Agosti kijana alikuwa ameiva. Houston ikamwita Rigoberto. Na kwa kuwa mwezi wa Septemba timu huruhusiwa kuongeza wachezaji, ikamwita na mdakaji wake.

Wacuka alipopigiwa simu alikuwa kazini. Alipiga kigelegele kimoja wodini mpaka mgonjwa mmoja akaamka akidhani amepona. Kwa mama, mambo yalikuwa tofauti.

"Mama, nimeitwa ligi kuu."

Immaculate akauliza, "Ligi kuu? Kwani hii miaka yote ulikuwa ligi gani?"

Absalom akacheka mpaka akakaa chini.

Alipewa jezi yenye jina lake. Alipewa kabati kubwa na kiti cha ngozi. Wacuka alichukua likizo, wakapanga chumba Gulfton kwa mwezi ule, ndani ya majengo yale yaliyojaa watu wa kila taifa, na jirani yao mlango kwa mlango akawa Mama Rosette, Mkongo wa Bukavu, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, kiongozi wa kwaya ya kanisa la Wakongo. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kitu kimoja. Kocha mkuu hakumchezesha.

Siku ikapita, wiki ikapita. Timu ilikuwa na wadakaji wengine wawili, mmoja hodari na mwingine kijana waliyekuwa wanamtengeneza kwa miaka ijayo. Absalom kazi yake ilikuwa kuwapasha moto warushaji nyuma ya uzio, kisha kurudi benchini. Kocha mkuu, mzee mkavu aliyetafuna mbegu za alizeti tangu mwanzo wa mechi mpaka mwisho, hakumsemesha zaidi ya salamu. Kukaa benchi si kucheza. Mtu ambaye hajaingia uwanjani hajacheza ligi kuu, hata akivaa jezi mwezi mzima na kulala nayo. Kila jioni Absalom alirudi Gulfton na jezi safi, na Wacuka alijua matokeo kwa kuitazama tu hiyo jezi. Ikabaki Jumapili ya mwisho ya msimu, mechi ya mchana, na Absalom alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo alipopigwa na mpira wowote.

Sasa, Immaculate kule Garland alikuwa ameanza kuelewa. Wacuka alimweleza yote kwenye simu: ile mechi moja, yale magoti, na benchi. Mama akakaa nalo moyoni siku mbili. Siku ya tatu, Jumapili, alisimama kanisani Richardson wakati wa matangazo, yeye ambaye miaka yote alikuwa akigeuza maneno, akasema kwa sauti, "Mwanangu ni mchezaji. Yuko Houston na hawamwingizi uwanjani. Naomba tuende tukamsaidie." Wakenya bwana! Ukiwaambia kuna mtu wao anaonewa, hawaulizi mchezo gani. Walijaza magari Jumamosi iliyofuata, na usiku huo Mama Rosette na watu wake wakawagawana kwenye vyumba vyao vya Gulfton. Asubuhi wakasali pamoja mapema, Wakenya na Wakongo, na kutoka hapo wakaenda uwanjani moja kwa moja na nguo zao za kanisani, suti kwa vitenge kwa vilemba.

Absalom alikuwa nyuma ya uzio anadaka mipira ya kupasha moto aliposikia kigelegele. Akainua macho. Safu nzima za viti, karibu kabisa na benchi la Houston, zilikuwa zimejaa watu aliowajua tangu utoto, na katikati yao, mkoba mapajani, mama yake.

Kosa lao lilikuwa moja, na ni kosa ambalo Mmarekani hawezi kulifanya hata umlipe. Watu hawa walikuwa watu wa soka. Walijua mambo ya uwanjani kama yalivyo Kisumu na Bukavu: mchezaji wako akiwekwa benchi, mashabiki wanamwimbia kocha mpaka amwingize. Besiboli haina desturi hiyo. Katika besiboli watu hukaa, hula soseji, na kocha huachwa na mawazo yake. Nani angewaambia?

"Mutoto yetu eko wapi?" Mama Rosette aliuliza.

"Yule pale, kwa benchi," Wacuka akamwonyesha.

"Juu ya nini banamukalisha? Sisi tulifunga kanisa mapema, tukuje kuangalia mutu anakaa?"

Akasimama. Akatoa sauti ya kwanza, na kwaya ikamjibu kwa besi, teno na soprano, yaani kwaya kamili: "Absalom aingie! Aingie Absalom!" Wakenya wakadaka kiitikio. Waliimba awamu ya pili ya mchezo, kati ya zile tisa, wakaimba ya tatu, na kufika ya tano walikuwa wameongeza makofi na kucheza. Watu wa Houston waligeuka kuwatazama. Mlinzi mmoja alikuja, akasikiliza, akaondoka akitikisa kichwa kwa kufuata mdundo.

Absalom alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amerudi benchini, amevuta kofia mpaka puani. Kocha mkuu alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akaja kusimama mbele yake, akatema ganda la mbegu.

"Otieno. Wale ni kina nani?"

"Ni mama yangu, kocha. Na kanisa."

"Kanisa zima?"

"Makanisa mawili, kocha."

"Wanataka nini?"

"Wanataka uniingize. Samahani sana. Wanadhani ni soka."

Mzee akawatazama wale watu kwa muda. Houston walikuwa wanaongoza kwa pointi tano. Yule mdakaji kijana alikuwa ameteguka kidole asubuhi, na yule hodari alikuwa amecheza mwezi mzima bila kupumzika.

"Nikikuingiza watanyamaza?"

"Hapana, kocha," Absalom akasema kweli tupu. "Watazidi."

Kocha mkuu akacheka, kwa mara ya kwanza mwezi ule. "Vaa," akasema.

Mwanzo wa awamu ya saba sauti ya mtangazaji ikajaa uwanja: sasa mdakaji wa Houston, Absalom Otieno. Hakusikia kilichofuata kwa sababu makanisa mawili yalikuwa yamelipuka. Alitembea hadi nyuma ya kituo cha nyumbani, magoti yanawaka moto, akachuchumaa. Nyayo bapa. Mrushaji akarusha, mpigaji akaacha mpira upite, Absalom akaudaka. Kitu cha kawaida kabisa. Kitu alichokifanya maelfu ya mara katika maisha yake.

"Golikipaaa!" Mama Rosette akapiga ukelele, na safu zote zikaruka juu na vigelegele.

Maana watu wale walimtazama yule mtu: ana glavu, amevaa kinga, anakaa mlangoni, mpira ukija anauzuia usipite. Kama huyo si golikipa ni nani? Kwa hiyo kila mpira aliodaka kwao ulikuwa bao lililookolewa, na waliushangilia hivyo, mmoja baada ya mwingine, bila kuchoka. Alipopata zamu ya kupiga akakosa mara tatu mfululizo na kurudi benchini, walimshangilia pia kwa bidii aliyoonyesha. Mwanzoni watu wa Houston waliwacheka. Kisha safu ya jirani ikaanza kuitikia kwa utani, ikafuata ya nyuma yake, na kufika mwisho wa awamu ya nane upande wote ule wa uwanja ulikuwa unapiga kelele kila mpira ulipotua kwenye glavu ya Absalom.

Awamu ya tisa, ya mwisho, kocha akamleta Rigoberto amalizie. Kijana alikuwa nyumbani kwao, mbele ya watu wake, na mkono ukamsaliti. Mpira wa kwanza ukaenda juu, wa pili ukaenda pembeni. Kwa kukosa shabaha akawapa wapigaji wawili kituo cha kwanza bure. Kisha mpira wake mmoja ukapigwa mbali, kisha mwingine. Alijitahidi akawatoa wapigaji wawili, bado mmoja tu mechi iishe, ila zile pointi tano zilikuwa zimeyeyuka ikabaki moja, na mkimbiaji wa wageni alikuwa amesimama kituo cha tatu, hatua chache tu kutoka nyumbani, na mwenzake kituo cha pili. Wa tatu akifika mambo ni sare. Wa pili naye akifika Houston wamepitwa. Kumtoa Absalom haikuwezekana tena, maana katika besiboli mchezaji aliyetolewa, kama yule hodari, harudi, na wa akiba ana kidole kibovu. Absalom aliliona jambo lote wazi: mechi aliyoitafuta ujana wake wote ilikuwa mikononi mwake, na angeweza kukumbukwa kama yule mzee aliyeingizwa kwa nyimbo akaiharibu.

Akamwendea Rigoberto.

"Wewe rusha," Absalom akamwambia. "Mahali utakapoanguka ni shauri langu."

"Na ukikupita?"

"Unawasikia wale? Wale hawajui kama unaweza kunipita. Usiwaambie."

Rigoberto akacheka bila kutaka. Akarusha. Mpira ukatoka mkononi vibaya, ukashuka, ukadunda kwenye mchanga mbele ya kituo. Huo ukipita, mkimbiaji wa tatu anaingia akitembea. Absalom akajitupa, magoti yote mawili chini, mgongo ameukunja, na mpira ukampiga kifuani ukaanguka mbele yake kama kitu kilichochoka. Mkimbiaji akarudi mbio alikotoka.

Mara hii hakupiga kelele Mama Rosette peke yake. Uwanja wote ulisimama. Watu maelfu, wengi wao hawajawahi kusikia neno la Kiswahili, walikuwa wanapaza sauti, "Golikipa! Golikipa!" kwa kazi ile ambayo miaka yote hakuna mtu aliyewahi kumpigia Absalom makofi. Ndani ya ile kofia ya waya machozi yakamjaa. Akapepesa macho haraka, maana bado alihitaji kuona.

Rigoberto akarusha tena. Mpigaji akaukosa. Akarusha tena, wa kasi, juu kidogo, na mpigaji akaukata vibaya ukaruka nyuma, juu sana, karibu na uzio wa benchi la Houston. Absalom akavua kofia, akaitupa, akakimbia kwa yale magoti mabovu huku akitazama juu. Akauona. Akaupoteza kwenye mwanga, akauona tena. Alifika uzioni, akanyoosha mkono juu ya vichwa vya wachezaji wenzake waliokuwa wanainama, na mpira ukazama kwenye glavu. Mwamuzi akainua ngumi: mpira uliopigwa ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, mpigaji ametoka. Mechi imekwisha, Houston wameshinda.

Rigoberto alimrukia mgongoni. Kocha mkuu alimpa mkono na mfuko wa mbegu za alizeti, na kwa mzee yule hiyo ilikuwa hotuba. Ile ndiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya Absalom katika ligi kuu, na ndiyo ya mwisho katika maisha yake, kwa sababu asubuhi iliyofuata alishindwa kushuka kitandani bila Wacuka kumshika. Hakuwahi kusikitika. Alikwenda kusoma, akawa mwalimu wa michezo shuleni Garland, na mgeni wa kanisani alipomuuliza kazi yake ya zamani, watu kumi walijibu kabla yake, na wote walijibu kwa makosa.

Lakini siku ile, kabla hajaingia ndani kuvua jezi iliyochafuka vumbi mpaka kwenye kola, aliliendea lile jukwaa. Wacuka alikuwa amepoteza sauti kabisa, anacheka tu bila mlio na kumpungia mikono yote miwili. Immaculate alikuwa ameshuka mpaka kwenye uzio. Akauchukua mkono wa mwanawe, akavipapasa vile vidole kimoja kimoja kama kawaida yake, na safari hii hakuuliza ni kwa ajili ya nini.

"Mimi sijui huu mchezo," alisema. "Lakini nimekutazama tangu uingie, sijatoa macho. Hakuna hata mmoja uliokupita."

Makocha wake wote, katika miji ile yote, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

"Hata mmoja, Mama," Absalom akasema, na akaanza kulia pale pale mbele ya makanisa mawili.